Kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari (Kenya)

Kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari ni kosa la jinai nchini Kenya chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki (Sura ya 403). Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 10, pamoja na kunyang'anywa leseni.

Utetezi

Kifo peke yake hakithibitishi hatia. Kufuatana na kesi ya Atito dhidi ya Jamhuri (1975), upande wa mashtaka unapaswa kuonyesha kwamba hali ilikuwa ya hatari na kwamba ilitokana na kosa fulani la dereva.

Kwa hiyo wakili huchunguza mchoro wa eneo la ajali, ripoti ya mkaguzi wa magari na maelezo ya mashahidi. Mshtakiwa anaweza kudai kwamba breki zilikatika ghafla au kwamba alizimia bila dalili. Hata hivyo, madai hayo hudhoofika kama alijua gari ni bovu au yeye ni mgonjwa. Uzembe wa marehemu haumwondolei hatia dereva ambaye naye alichangia ajali.

Dereva akiachiliwa huru, familia ya marehemu bado inaweza kudai fidia katika kesi ya madai.