Pepo, Baridi na Rutuba: Hali ya Hewa katika Tiba ya Wachina wa Kale

Katika Kiswahili neno moja hubeba maana mbili: pepo ni wingi wa upepo, na pepo ni kiumbe wa ghaibu ampandaye mtu kichwani. Nchini China nako, zama za kale, upepo na ghaibu vilikuwa majirani wa ukuta mmoja. Katika mifupa ya kuagulia ya ufalme wa Shang, iliyochongwa maandishi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, pepo za pande nne za dunia zina majina yake na zatolewa sadaka. Maradhi nayo, hata ya jino, yalihofiwa kuwa ni ghadhabu ya wahenga. Ilichukua karne nyingi kwa upepo kuvuliwa vazi la mizimu na kuvishwa vazi la hali ya hewa.

Kisa kimoja chaonyesha mgeuko huo. Mwaka 541 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, mtawala wa dola ya Jin aliugua, na waaguzi wake wakataja mizimu miwili kuwa ndiyo iliyomshika. Dola jirani ya Qin ikamtuma tabibu aitwaye He. Huyu alikana kuwa ugonjwa ule ulitokana na mizimu, akasema chanzo chake ni mtawala kukosa kiasi katika starehe zake na wanawake. Kisha akaeleza kwamba mbinguni mna nguvu sita: kivuli na jua, upepo na mvua, giza na mwangaza. Kila moja ina wakati wake, na ikipita kipimo huzaa maradhi: upepo huharibu viungo, mvua huharibu tumbo. Maneno hayo yalikuwa na uzito. Anayeugua kwa ghadhabu ya mzimu hana la kufanya ila kusihi, ilhali anayeugua kwa baridi aweza kujifunika.

Fikra hiyo ilikomazwa katika Huangdi Neijing, kitabu kilichokusanywa kiasi cha karne ya pili na ya kwanza kabla ya Nabii Isa, kwa sura ya mazungumzo baina ya Mfalme wa Manjano na mshauri wake Qi Bo. Humo mwili wa binadamu ni nchi yenye majira yake. Majira ya machipuko ni ya upepo, na ini ndilo mwenziwe. Kiangazi ni cha hari na moyo. Mwisho wa kiangazi ni wa rutuba na wengu. Vuli ni ya ukavu na mapafu. Kipupwe ni cha baridi na figo. Upepo ulipewa ukubwa juu ya maradhi yote, kwani hufungua vinyweleo na kuyapitisha mengine. Baadaye matabibu wakahesabu maadui sita watokao nje: upepo, baridi, hari ya kiangazi, rutuba, ukavu na moto. Mwambao wa Afrika Mashariki hauoni ajabu kwa hesabu hiyo. Tiba ya Kiyunani iliyofika huku kwa njia ya Waarabu nayo hupima hari na baridi, yabisi na rutuba, na hadi leo maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi.

Lakini nadharia hupimwa msibani. Mwishoni mwa karne ya pili baada ya Nabii Isa, dola ya Han ilipokuwa ikiporomoka kwa vita na njaa, Zhang Ji aliandika kwamba ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya 200, na kwamba katika muda usiotimia miaka kumi tangu 196, theluthi mbili yao walifariki. Kati ya kila kumi waliokufa, saba waliuawa na homa alizoziita madhara ya baridi. Kwa majonzi hayo akatunga kitabu kinachofuata nyendo za baridi mwilini kwa hatua sita, kutoka juu ya ngozi hadi ndani kabisa. Dawa yake mashuhuri kwa hatua ya kwanza ina vijiti vya mdalasini, tangawizi, urukususu, kunazi za Kichina na mzizi wa ua liitwalo shaoyao. Mgonjwa akishainywa hupewa uji wa moto na kufunikwa, hata atoke jasho jepesi.

Kila fikra iliyoshinda huweza kugeuka sanamu. Katika enzi ya Song ilienea elimu iliyodai kwamba maradhi ya mwaka mzima yaweza kukokotolewa mapema kwa kalenda ya miaka 60. Elimu hiyo iliingia katika mitihani ya matabibu wa dola, na mfalme Huizong, aliyetawala kuanzia 1100 hadi 1126, aliipa nguvu. Shen Kuo, mwanachuoni aliyefariki 1095, alikuwa ameonya kwamba hali ya hewa haiwi moja kila mahali, na kwamba asiyetazama mbingu iliyo juu yake hupotezwa na hesabu.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1641, tauni ilipozagaa katika majimbo kadhaa ya China. Matabibu walitibu kwa kanuni za baridi, na wagonjwa wakazidi kufa. Wu Youxing aliyatazama hayo, na mwaka 1642 akaandika kitabu kilichothubutu kusema kwamba tauni haitokani na upepo, wala baridi, wala hari. Majira ni mambo ya kawaida, akahoji, basi yatazaaje msiba usio wa kawaida? Chanzo, kwa hoja yake, ni hewa chafu za namna nyingi ziingiazo kwa pua na mdomo, na kila moja ina ugonjwa wake. Ndiyo maana ng'ombe huweza kuugua na kondoo wasiugue, kuku wakafa na mabata wakasalimika. Darubini ya vijidudu hakuwa nayo. Alikuwa na macho na uchungu wa maiti waliomzunguka.

Hadithi ya homa za vipindi yakamilisha somo hilo. Huangdi Neijing ilizinasibisha na upepo. Katika karne ya nne Ge Hong aliandika dawa yake: konzi moja ya mmea wa qinghao, ulowekwe majini, ukamuliwe na maji yake yanywewe. Mwaka 1897 Ronald Ross alithibitisha kuwa vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, na upepo ukaachiliwa huru na tuhuma hiyo. Ila dawa haikufa pamoja na nadharia. Mwaka 1971 Tu Youyou, akiongozwa na kule kukamua bila kuchemsha, aliutoa utomvu wa mmea huo kwa joto dogo, ndipo ikapatikana artemisinini, iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Zanzibar ilianza kuzitumia dawa mseto zenye asili hiyo mwaka 2003, na zikawa miongoni mwa sababu za malaria kupungua visiwani.

Hata hivyo wahenga hawakukosea yote. Mvua haizai malaria, lakini hujaza madimbwi ambamo mbu hutaga. Hari humharakisha kukua. Hali ya hewa ilikuwa shahidi wa kweli aliyeshitakiwa kama mkosaji. Tabibu He aliiondoa hofu ya mizimu, Zhang Ji akaifuata homa hatua kwa hatua, na Wu Youxing akaikana hukumu ya waliomtangulia pale maiti walipoikana. Urithi wao ulio imara zaidi ni kule kukubali kwamba mgonjwa aliye kitandani ana haki ya kukikosoa kitabu.