Uchungu wa kuanzishwa: historia ya serumu ambayo mama wengi wa Kisangani wanaiogopa

KISANGANI. – Katika komini zote sita za mji, tangu Makiso hadi Lubunga ngambo ya mto, kuna neno moja ambalo mama mwenye mimba hapendi kusikia kwa munganga: «Tutakuwekea serumu ya kuanzisha uchungu.» Wengine wanasema serumu hiyo inapeleka mtu moja kwa moja kwa operasyo. Wengine wanasema inaua mtoto tumboni. Kwa familia zilizokimbia vijiji tangu mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipoanza Februari 2023, hofu ni kubwa zaidi, kwa sababu mama wengi walizoea kuzaa kijijini mikononi mwa mama mkunga wanayemjua.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Ili kuielewa, inafaa kurudi nyuma miaka mia moja, kilometa kama 20 chini ya mto.

Yakusu, maternite ya mtoni

Pale Yakusu, kwa Walokele, wamisionere Wabatisti kutoka Uingereza walijenga kituo mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1920 akafika munganga Clement Chesterman, na hospitali ikakua chini ya mkono wake. Kazi yake iliyojulikana zaidi ilikuwa kupigana na ugonjwa wa usingizi (malale), lakini Yakusu ilifundisha pia wauguzi Wakongomani, ambao walitumwa kwenye zahanati za vijiji. Baadaye mambo ya uzazi nayo yakaingia hospitalini.

Serikali ya Ubelgiji ilikuwa na sababu yake. Wakubwa wa koloni waliona watu wanapungua na waliogopa kukosa wafanyakazi. Kwa hiyo maternite zilijengwa na mama walivutwa kwa zawadi, kama vile sabuni na nguo za mtoto. Hadi miaka ya 1950, Kongo ilikuwa kati ya makoloni ya Afrika ambamo wanawake wengi walizalia hospitalini.

Lakini mama alikuja mahali ambapo hakuambiwa mengi. Vyuma vya munganga, kisu, sindano: vyote vilikuwa mikononi mwa mgeni. Mara nyingi waliofikishwa hospitalini kwa mtumbwi walikuwa wale ambao mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika kijijini. Mama akifia pale, watu walisema hospitali ndiyo imemuua. Maneno ya namna hiyo yanaendelea kusikika mpaka leo juu ya serumu.

Dawa ilitoka wapi

Mwaka 1906, Mwingereza Henry Dale aliandika kwamba maji yaliyotolewa katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa ng'ombe yanakaza tumbo la uzazi la paka. Miaka mitatu baadaye, wanganga wa uzazi walianza kuyatumia kwa wanawake. Mwaka 1953, Vincent du Vigneaud, huko Marekani, alitengeneza dawa yenyewe bila kuhitaji mnyama, na mwaka 1955 akapewa zawadi ya Nobel ya kemia. Dawa hiyo inaitwa oksitosini.

Jambo ambalo wengi hawajui ni hili: oksitosini si kitu kigeni mwilini. Mwili wa kila mama unaitengeneza wenyewe wakati wa uchungu, na tena wakati mtoto ananyonya. Serumu inaongeza tu kile ambacho mwili umekawia kutoa.

Wanganga hawaiweki bure. Wanaanzisha uchungu wakati mimba imepita wiki 41, au maji yamepasuka na uchungu haufiki, au tansiyo ya mama imepanda sana na uso na mikono vimevimba, au mtoto amekufa tumboni. Katika hali hizo, kungoja ndiko kunaweza kuua.

Matone na macho

Hata hivyo, hofu ya mama zetu ina ukweli ndani yake. Matone yakikimbia sana, tumbo linakaza bila kupumzika. Mtoto anakosa hewa. Tumbo la uzazi linaweza kupasuka. Ndiyo maana serumu hii haiwekwi halafu mtu akaenda kulala. Lazima muuguzi au mzalishaji ahesabu matone, ashike tumbo kwa mkono, asikilize moyo wa mtoto mara kwa mara, na aandike.

Karatasi ya kuandikia, partogramu, ina historia ya Kiafrika. Mwaka 1972, munganga Philpott na mwenzake Castle, waliofanya kazi katika mji unaoitwa leo Harare, Zimbabwe, walichora mstari wa onyo juu ya karatasi hiyo. Walitaka mzalishaji aliye peke yake katika kituo kidogo ajue saa ya kumpeleka mama hospitali kubwa, mbele mambo hayajaharibika. Kituo chochote cha afya cha Tshopo kinajua shida hiyo.

Kuna na suala la baridi. Oksitosini inatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Katika joto la Kisangani, umeme wa SNEL ukikatika na frigo ikizima, dawa inapoteza nguvu polepole bila kubadilika rangi. Muuguzi anaweka serumu, uchungu haufiki, na familia inadhani mama amerogwa.

Vita vinapokula saa

Kuanzisha uchungu kunaomba saa nyingi, mara nyingine siku nzima au zaidi. Kunaomba pia wanganga, damu, na chumba cha operasyo karibu. Historia ya mji huu imevunja vitu hivyo mara kwa mara.

Wakati wa uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi haikuwa na munganga Mkongomani hata mmoja mwenye diploma ya chuo kikuu. Miaka minne baadaye, Wasimba waliteka mji, kisha wakaja wanajeshi wa parashuti tarehe 24 Novemba 1964. Na tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana kati ya nyumba zetu. Umoja wa Mataifa ulihesabu makombora zaidi ya 6,600, raia zaidi ya 760 waliouawa, na watu 65,000 waliokimbia. Majengo ya afya nayo yaliharibika. Uchungu wa kuzaa haukungoja bunduki zinyamaze.

Baada ya miaka hiyo, mama walirudi hospitalini. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulionyesha kwamba katika Kongo, watoto 8 kwa 10 walizaliwa katika kituo cha afya. Lakini uchunguzi huohuo ulihesabu mama 846 waliokufa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kufika maternite si mwisho wa safari. Kinachookoa ni mtu anayekaa karibu na kitanda na kuangalia.

Yanayomhusu mama wa leo

Kuna dawa nyingine, misoprostoli, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2005. Kwa kuanzisha uchungu, kipimo ni mikrogramu 25. Kidonge kimoja kinachouzwa kwa kawaida kina 200, yaani mara nane. Kununua kidonge hicho farmasi na kukimeza nyumbani ili «kuharakisha» mtoto ni kucheza na kifo. Tena, mama aliyekwisha kupasuliwa mara moja hapaswi kupewa dawa hiyo kwa kuanzisha uchungu. Lazima aonyeshe kovu lake mapema, hata kama kadi ilibaki kijijini wakati wa kukimbia.

Anayekaa Lubunga ajue kwamba mto hauna daraja. Munganga akimpa siku ya kuja, avuke mchana wa siku hiyo, asingoje mtumbwi wa usiku.

Na mama ana haki ya kuuliza: Kwa nini mnaanzisha uchungu? Nani atakaa nami usiku? Operasyo ikihitajika, itafanyika wapi? Maswali hayo si kukosa heshima kwa munganga. Mama wa zamani pale Yakusu hawakupata nafasi ya kuyauliza.