Kabati la Vitabu vya Kiswahili: Riwaya, Diwani na Wasifu

Mtu akiingia katika maktaba iliyopangwa kwa utaratibu wa Mmarekani Melvil Dewey, utaratibu uliochapishwa kwa mara ya mwanzo mwaka 1876 na ambao hadi leo hutumika katika maktaba nyingi za Afrika ya Mashariki, atakuta fasihi za Afrika zote zimetiwa katika nambari moja, 896. Fasihi ya Kiswahili humo imepewa kijichumba kidogo, 896.392. Maisha ya watu yamewekwa mbali, katika 920. Historia ya Afrika ya Mashariki imo katika 967. Kwa hivyo msomaji anayetaka kumjua Shaaban Robert huenda akamkuta chumba kimoja kwa mashairi yake na chumba chengine kwa kitabu alichoandika juu ya Siti binti Saad, ambacho nacho pengine kimeshatolewa huko na kupelekwa 780, kwenye muziki, kwa kuwa Siti alikuwa mwimbaji. Wala Tippu Tip hakai na watu walioandika maisha yao. Yeye yuko 967, pamoja na vita na mikataba.

Siandiki haya kwa kuwalaumu wakutubi. Nambari ni lazima ziwepo, ama sivyo kitabu hakitapatikana. Nataka kueleza tu kwamba vitabu hivi, ambavyo kabati limevitenga, vimezaliwa pamoja, na mara nyengine vimeandikwa kwa kalamu ile ile. Nami niliviona hivyo kwa bahati, kwa sababu maktaba ya mji niliyokuwa nikisoma katika miaka ya 1980 ilikuwa na upungufu wa rafu, na vitabu vya Kiswahili vyote, vyembamba kwa vinene, vilishindiliwa kabati moja lenye mlango wa kioo. Sikusoma chuo kikuu. Kilichonifundisha ni kabati hilo, na mpango wake mbovu ulinifaa kuliko mpango mzuri.

Tuanze na kitabu kikongwe kuliko vyengine. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa khati za Kiarabu, baada ya kurejea Unguja kutoka bara. Aliombwa afanye hivyo na Mjerumani Heinrich Brode, ambaye aliyageuza maandishi hayo katika khati za Kilatini na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905. Waswahili wenyewe walikaa zaidi ya nusu karne bila ya kukipata kitabu hicho kwa njia nyepesi, mpaka W. H. Whiteley alipokitoa tena kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1958 na 1959. Mwaka 1966 kikatoka kuwa kitabu peke yake.

Anayekifungua kwa kutaraji masimulizi ya ushujaa atashangaa. Anaanza utotoni, akifanya biashara ya sandarusi hapa karibu, na kutoka hapo lugha yake ni ya mfanyabiashara anayefunga hesabu: frasila za pembe, bei ya leo na bei ya jana, nani kakopa, nani kakataa kulipa, mji gani umepigwa na kwa sababu gani. Sentensi ni fupi na kavu. Hajisifu sana wala hajuti. Na watu waliozibeba pembe hizo kichwani kutoka Manyema mpaka pwani hawana majina. Wamo, maana bila ya wao hakuna hata frasila moja ingelifika, lakini wamo kama mvua ilivyomo katika habari za mkulima. Mimi nasema hiki ni kimoja katika vitabu vikubwa vya nathari ya Kiswahili, na ukubwa wake haupunguzwi na ubaya wa kazi anayoieleza. Bali ndio unaomfanya msomaji asilale.

Katika kabati lile, pembeni ya Tippu Tip, palikuwa na kijitabu cha James Mbotela, *Uhuru wa Watumwa*, kilichochapishwa London mwaka 1934. Mbotela ni mzawa wa jamii ya watumwa waliokombolewa baharini na kuwekwa Freretown, Mombasa, chini ya wamisionari. Kitabu kinasimulia kukamatwa, safari, soko, jahazi, na kuokolewa. Wengine wamekiita riwaya, wengine historia, wengine kumbukumbu za ukoo. Yote matatu ni sawa. Kina kasoro, tena si ndogo: kwake yeye uhuru ni zawadi iliyoletwa na manowari ya Kiingereza, na Mwarabu hana sura nyengine ila ya mjeledi. Msomaji wa pwani ana haki ya kukibishia. Lakini wale ambao Tippu Tip hakuwapa majina, humu wanapata midomo. Vitabu viwili hivi vikisomwa kila kimoja katika chumba chake havisemezani. Vikikaa bega kwa bega, kila kimoja kinamwuliza mwenziwe swali ambalo hawezi kulikwepa.

Sasa tuje kwa Siti. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikwisha kuandika habari zake mwenyewe katika *Maisha Yangu*, kilichotoka mwaka 1949, na *Kusadikika* mwaka 1951. *Wasifu wa Siti binti Saad* ulitoka mwaka 1958, na wenyewe vilevile kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili. Tazama mambo hayo: katika mwaka ule ule, jarida lile lile liliwachukua pamoja mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na mwanamke aliyezaliwa Fumba katika ukoo wa utumwa, aliyepewa jina la Mtumwa, aliyefinyanga vyungu na kuvitembeza kuviuza, kisha akaja mjini na kuifanya sauti yake isikike pwani nzima. Mwaka 1928 Siti na wenziwe walikwenda Bombay kutia nyimbo zao katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950. Shaaban anamwandika kama mshairi anavyomwandika mshairi: kwa heshima nyingi, kwa mawaidha mengi zaidi, na kwa kuyaruka baadhi ya mambo ambayo watu wa Ng'ambo wangeliyataka zaidi kuliko mawaidha. Siti mwenyewe hakuyaruka. Wimbo wake wa "Kijiti" unaeleza kuuawa kwa mwanamke aliyekuja Unguja kutembea, na namna haki ilivyopotea. Ukitafuta habari hiyo 920 hutaiona. Imo katika wimbo, na wimbo umo katika kumbukumbu za watu na katika santuri zilizobakia.

Hapa ndipo ninapotaka kusita kidogo, kwa sababu neno wasifu lenyewe lina mengi. Limetokana na kusifu. Anayeandika wasifu anatoa sifa, kwa maana zote mbili: anaeleza namna mtu alivyo, na anamtukuza. Watungaji wetu wa tenzi waliifanya kazi hiyo kabla ya kuweko kitabu chochote cha nathari. Maisha ya Mitume, ya mashujaa na ya watawala yaliimbwa kwa mizani. Kwa hivyo Shaaban alipomwandika Siti hakuwa akiiga mtindo wa Ulaya tu. Aliuchukua utendi akaufumua vina. Asiyelifahamu hili atamlaumu kwa kuwa hakuandika kama mwandishi wa magazeti.

Na diwani? Diwani katika kabati lile zilikuwa chache, na ufupi wa safu yao una historia yake. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kuwa Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha skulini, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya kusimamia uamuzi huo, ambayo Frederick Johnson alikuwa katibu wake wa mwanzo. Vitabu vya skuli vilipita mkononi mwa Kamati, vikasahihishwa lugha, ndipo vikapata idhini. Johnson na wenziwe walitupatia tafsiri za hadithi za Kiingereza, *Mashimo ya Mfalme Sulemani* na *Kisiwa chenye Hazina* miongoni mwao, na mimi ambaye hula mkate wangu kwa kutafsiri siwezi kuwavunjia heshima; baadhi ya kurasa zao zinapita kama maji. Lakini shairi halikubali kusahihishwa kwa sheria ya lahaja. Ukimwondolea Muyaka Kimvita chake, kina kinaanguka, na fumbo linakuwa maneno matupu.

Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa zama za Mazrui na Seyyid Said, yalisalimika kwa njia nyembamba kabisa. Katika karne ya kumi na tisa Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka katika vichwa vya watu, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Karatasi zikenda Uingereza. William Hichens akayatoa kitabu mwaka 1940, na mchapishaji alikuwa Johannesburg. Diwani ya mshairi wa Mombasa ikapita Afrika ya Kusini kabla ya kurejea nyumbani. Ni mwaka 1979 tu ndipo Mohamed Abdulaziz alipoyatoa upya Nairobi, yakiwa na maelezo ya mtu anayekijua Kimvita kwa kukinyonya. Lau Mwalimu Sikujua angelikuwa mvivu, kabati lisingelikuwa na Muyaka hata ubeti.

Visiwani tulijiona tumesalimika, kwani lugha iliyochaguliwa ni yetu. Lakini Kiunguja kilichochaguliwa ni cha mjini. Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi havikuingia kabatini. Ndiyo maana Haji Gora Haji, mvuvi na mshairi wa Tumbatu aliyefariki mwaka 2021, ana nafasi ya pekee: *Kimbunga*, diwani yake ya mwaka 1994, imeleta maneno ya bahari na ya shamba ambayo Kamati isingelijua iyafanye nini. Hakuridhika na hapo. Alitutungia na kamusi ya Kitumbatu. Kwangu mimi kamusi hiyo ni aina ya wasifu, wa kisiwa badala ya mtu.

Riwaya nayo iliingia kwa mlango wa mashindano. Idara ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1948, ilikuwa na kazi mbili: kuchapisha, na kuwafikishia watu vitabu, kwa masanduku yaliyopelekwa mashamba na kwa posta. Maktaba za taifa za Tanganyika, Kenya na Uganda zilizoundwa baina ya 1963 na 1965 ziliota juu ya msingi huo. Katika mashindano ya Idara hiyo ya 1957 na 1958, aliyeshinda ni Muhammad Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, mhariri wa magazeti, kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*. Kitabu kilitoka mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake wamepigiwa mfano sana wa Sherlock Holmes, na mfano huo una ukweli wake. Lakini anayesoma kwa makini ataona kuwa starehe ya kitabu haiko katika kumkamata muuaji. Iko katika mazungumzo, katika namna watu wa Unguja wanavyozungushana maneno mpaka uongo unajichokea wenyewe. Mhariri wa gazeti alijua namna watu wanavyosema, na akaandika hivyo. Baada yake wakaja Mohammed Suleiman na *Kiu*, 1972, Adam Shafi na *Kasri ya Mwinyi Fuad*, 1978, na Said Ahmed Mohamed na *Utengano*, 1980. Kuli wa Adam Shafi, mtumishi wa kasri, mwanamke aliyetengwa: hao ni wale wale ambao katika hesabu ya Tippu Tip hawakuwa na majina.

Idara ile ilivunjika mwaka 1977, pamoja na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Nyumba nyengine za uchapaji zilidhoofika. Vitabu nilivyovitaja vingi vilipotea madukani kwa miaka, na nakala iliyobakia ikawa ile ya maktaba, ambayo unyevu wa kisiwa na mchwa hawaisamehi. Wasifu wa Siti ulirudi tena kwa juhudi ya Mkuki na Nyota. *Kiu* umepita wakati ambapo mwanafunzi aliambiwa akisome bila ya kuwapo cha kununua.

Kuna kitabu kimoja kilichoingia karibuni ambacho kingelimtatiza mkutubi. Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja aliyepata Nishani ya Nobel mwaka 2021, aliandika *Paradise* kwa Kiingereza mwaka 1994: kijana Yusuf anawekwa rehani kwa deni la baba yake, anachukuliwa na tajiri, anafuata msafara wa biashara mpaka ndani ya bara. Wachambuzi wameonesha kuwa nyuma ya msafara huo wamo Tippu Tip, na zile safari za Waswahili ambazo Carl Velten alizikusanya na kuzichapisha Ujerumani mwaka 1901. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis amekitia katika Kiswahili kwa jina la *Peponi*. Nathari iliyotoka Unguja kwa khati za Kiarabu ikapita Berlin, ikaingia London katika riwaya ya Kiingereza, na sasa imerudi. Kwa utaratibu wa Dewey, *Peponi* inakaa 823, na riwaya za Waingereza. Mimi nakala yangu nimeiweka pembeni ya Tippu Tip na Mbotela, na nimewaachia nafasi ya kitabu kimoja baina yao, kwani bado sijaona wasifu wa mpagazi.