Petroli ya Mombasa na Umeme wa Jinja



Februari 1976 Rais Idi Amin alidai kwamba sehemu ya magharibi ya Kenya ni ardhi ya Uganda. Baada ya shambulio la Waisraeli huko Entebbe, mwezi Julai, uhasama ulizidi. Mafuta yapitayo Mombasa yakazuiwa, petroli ikaadimika. Naye Amin akatishia kukata umeme wa bwawa la Owen Falls, Jinja, uliokuwa ukiuzwa Kenya.

Agosti wajumbe wa nchi hizo mbili walitia sahihi mapatano mjini Nairobi. Mafuta yakapita tena.

Mbale, chini ya mlima Wanale, haina bandari. Basi askari alindaye amani ya mpaka hulinda pia taa na injini za taifa lake.