Utunzaji wa miguu kwa wenye kisukari (Oman)

Haya ni maelezo ya kinga ya vidonda vya miguu kwa wenye kisukari, maradhi yanayompata zaidi ya mtu mzima 1 kati ya 10 nchini Oman. Sukari ikizidi kwa miaka, miguu hufa ganzi na damu huifikia kwa shida; jeraha halihisiwi, wala haliponi upesi. Huko Ibra, Sur na Nizwa, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40 na makubadhi ya wazi huvaliwa kila siku, lami na mchanga huweza kuunguza nyayo pasipo mwenyewe kujua. Kutawadha ni wasaa mzuri kuliko wote wa kukagua miguu, mradi baina ya vidole pakaushwe. Sugu haikatwi kwa wembe nyumbani. Hisia hupimwa kliniki kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa shinikizo la gramu 10.