Faida ya Blogu kwa Mtaalamu wa Mawasiliano: Mifano ya Kampala, 2009–2023

Wanafunzi wenzangu wa mawasiliano hapa Kampala hupenda kuulizana nani ana wafuasi wengi. Swali hilo naona halitufikishi mbali. Historia fupi ya blogu na mitandao ya kijamii katika mji huu inaonyesha kwamba aliyefaidika ni yule aliyeandika kwa muda mrefu kabla ya kuhitajika.

Nianze na Septemba 2009. Serikali ilipomzuia Kabaka wa Buganda kuzuru Kayunga, ghasia zilizuka Kampala na redio CBS ikafungwa. Ilirudi hewani Oktoba 2010. Mtangazaji aliyekuwa na kipindi tu, bila mahali pake mwenyewe pa kuandikia, alinyamaza pamoja na kituo.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Machi 2012. Shirika la Kimarekani, Invisible Children, lilitoa filamu fupi kuhusu Joseph Kony, nayo ikatazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya wiki moja. Wageni waliisimulia vita ya Uganda kana kwamba Waganda wenyewe hawana mdomo, na kana kwamba Kony bado yuko kaskazini mwa nchi, ilhali alikwisha kuondoka miaka kadhaa nyuma. Rosebell Kagumire, mwanahabari wa Uganda, alikaa mbele ya kamera, akajirekodi akijibu, akaiweka video yake mtandaoni. Hakuwa na mwongozaji wala studio. Vyombo vikubwa vya habari vya nje vikamtafuta. Kwa nini yeye? Kwa sababu tayari alikuwa na blogu, na mhariri aliyetaka kujua huyu ni nani aliweza kusoma kazi zake na kuridhika. Mwaka 2013 Jukwaa la Uchumi la Dunia lilimtaja miongoni mwa viongozi vijana. Hiyo ndiyo faida ninayoizungumzia: blogu ilikuwa ushahidi wa kazi, jambo ambalo karatasi ya wasifu haiwezi.

Lakini jukwaa la kukopa lina mwenyewe. Julai 2018 tulianza kutozwa shilingi 200 kwa siku ili kutumia WhatsApp, Facebook na Twitter (wengi wakakimbilia VPN), na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa. Ofisa uhusiano aliyeweka kazi yake yote Facebook alikosa hata pa kutoa taarifa.

Hata hivyo mitandao haikufa. Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mchoraji wa katuni na mhadhiri wa Makerere, aliwaalika watu Twitter waonyeshe picha za mashimo ya barabara zao. Picha zilimiminika, na baada ya muda mfupi Rais akaagiza shilingi bilioni 6 zitolewe kwa barabara za Kampala. Watu walimwitikia kwa kuwa walizijua katuni zake miaka mingi.

Kagumire na Ssentongo walitumia Kiingereza katika kampeni hizo. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini uwanja huu kwa Kiswahili, hapa Kampala, bado ni mtupu. Blogu yangu ya Kiswahili ina makala nne mpaka sasa, na ya tano ni kuhusu barabara ya mtaani kwetu.