Bunduki na Daftari Lake

Wengi wetu tuliopita katika darasa la historia tuliukariri Mkataba wa Brussels wa 1890 kwa mstari mmoja tu: mataifa yalikutana yakakubaliana kukomesha biashara ya watumwa. Ukishaandika hivyo katika mtihani, unapata maksi zako na kuendelea na swali la pili. Lakini ndani ya mkataba ule mlikuwa na sheria nyingine ambayo hatukuisoma, nayo ni sheria ya kuingiza bunduki.

Sheria hiyo ilihusu eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini, pamoja na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za baharini kutoka pwani. Kwa hiyo Mombasa, Bagamoyo na Unguja zote zilikuwamo. Bunduki za mifereji, yaani zile ambazo mtutu wake umechongwa ndani kwa mzunguko ili risasi iende mbali na kwa shabaha, zilikatazwa kuingia. Bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa, lakini zipitie kwanza katika ghala la serikali.

Hata hivyo hakuna katazo lisilokuwa na mlango. Serikali zenyewe zilijiruhusu. Mtu binafsi aliyetoa dhamana kwamba silaha yake haitauzwa wala kupewa mwingine aliweza kuruhusiwa, na vile vile msafiri mwenye barua ya serikali yake. Bunduki yake ilipigwa muhuri, ikaandikwa daftarini, naye akapewa kibali chenye jina lake. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwanyima silaha wakamataji wa watumwa. Lakini hebu tujiulize: katika miaka ile ile ambayo nchi zetu zilikuwa zinatwaliwa, ni Mwafrika gani aliyekuwa na serikali ya kumwandikia barua? Yeye aliachiwa gumegume, na aliyekuja kumtawala akashika bunduki ya mifereji.

Kwa mlango huo wa vibali wawindaji wa Ulaya na Marekani waliingia kwa wingi. Aliyevuma kuliko wote ni Theodore Roosevelt, aliyeshuka Mombasa Aprili 1909, majuma machache tu baada ya kuacha urais wa Marekani. Miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo moja ya mitutu miwili, kazi ya Holland & Holland wa London, zawadi ya marafiki zake Waingereza. Risasi yake ilikuwa ya kipenyo cha .450, yaani sehemu 450 za inchi iliyogawanywa mara 1,000.

Kipenyo hicho kilikuwa na mkasa wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walipiga marufuku bunduki za .450 kuingizwa Bara Hindi. Waliogopa kwamba risasi zake zingewafikia wapiganaji waliokuwa na bunduki za Martini-Henry, silaha ya zamani ya jeshi la Uingereza yenye kipenyo hicho hicho. Mafundi wa bunduki hawakwenda mahakamani, walirudi karakanani. Holland & Holland wakatoa .465, Joseph Lang akaleta .470, na Westley Richards wakaja na .476. Ndovu asingeweza kuijua tofauti, lakini karani wa forodha aliijua. Ile .470 ikaenea mno, na wawindaji wakaipenda hata huku kwetu Afrika ya Mashariki.

Sheria ya tatu ni ya Marekani. Rais Kennedy aliuawa mwaka 1963 kwa bunduki kuukuu ya jeshi la Italia iliyoagizwa kwa posta. Mwaka 1968 wakauawa Martin Luther King na Robert Kennedy, na mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, ikapitishwa Sheria ya Kudhibiti Bunduki. Sheria hiyo haikutazama mfereji wala kipenyo peke yake, bali tarehe pia. Bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ni kitu cha kale, wala haihitaji kibali cha serikali kuu ili iingizwe. Iliyotengenezwa 1899, hata ikiwa ni pacha wake, ni silaha kamili: hapana budi ipitie kwa mwagizaji mwenye leseni, ajaze fomu, angoje kibali.

Basi mtu anayetaka kuingiza bunduki ya namna hiyo huhangaika kwanza kutafuta mwaka wake. Mafundi wakubwa wa Uingereza waliandika nambari ya kila bunduki katika vitabu vyao, na ukurasa mmoja wa kitabu hicho waweza kumwokoa au kumkwamisha bandarini.

Katika sheria hizi tatu nimeona jambo moja. Kila serikali huandika kile inachokiogopa: mfereji, kipenyo au tarehe. Ukitaka kujua hofu ya watawala wa zama fulani, usisome hotuba zao. Soma fomu zao za forodha. Na wahenga wetu walikwisha kusema: mali bila daftari, hupotea bila habari.